Darubini ya Akina Mama

Fedha za viazi tulizoweka akiba zilitosha darubini moja tu, na watoto wetu wa Kidugala walikuwa wakiisubiri. Kwa hiyo tulibishana sana. Baadhi yetu walivutiwa na ile iliyoandikwa kuwa hukuza mara 600. Lakini, mama mpendwa, cha kutazama ni upana wa kioo, maana ndicho kinachokusanya mwanga. Pete za Zohali huonekana hata kwa kukuza mara 50.

Tukachagua ya kompyuta, kioo milimita 130. Unaipa tarehe, saa na mahali ulipo, unailenga kwenye nyota mbili unazozifahamu, kisha hujigeuza yenyewe kutafuta unachotaka. Vitabu vingi husema anza na Nyota ya Kaskazini. Huku kwetu, nyuzi 9 kusini ya Ikweta, haionekani. Julai jioni sisi hutumia Antares na Arcturus. Betri zake 8 ndogo huisha upesi, hivyo tunatumia ya volti 12. Mchana hufungiwa kabatini, mtoto asije akaielekeza juani akapofuka.

Bibi mmoja anataka Kilimia tu. Mwezi huu huchomoza kama saa tisa usiku, na baridi hii ya Njombe! Amesema atatuamsha.