Kinyozi Hajinyoi

Katika muhula wa kwanza mhadhiri wetu alitupa methali 10, akatuambia twende tukazijaribu kwa watu wa nyumbani tuone kama zina maana kwao. Moja ilikuwa hii: Kinyozi hajinyoi. Jioni ile nilimkuta Ssenga barazani kwake, Katwe, akimsuka mteja rasta. Niliisoma methali kwa Kiswahili, kisha nikaifasiri kwa Kiganda. Mteja alicheka. Ssenga hakucheka. Alikivuta kitambaa chake cha kichwani mpaka karibu na nyusi, akaendelea kusuka.

Wakati ule sikuelewa. Ssenga, yaani dada wa baba, ni mtu mkubwa kwetu Waganda. Ndiye anayemfunda msichana, na ndiye anayemsemea siku ya kumtambulisha mchumba. Wangu ana miaka 63, na zaidi ya 30 kati ya hiyo ameitumia kusuka nywele za watu. Alianza enzi za nywele za uzi, zile zinazosimama kama miiba ya nungunungu. Likaja chanuo la moto, ikaja dawa ya kulainisha, zikaja rasta na nywele za kushonea. Kila kilichokuja alikijaribu kwanza kichwani mwake, maana mteja hanunui asichokiona. Kichwa chake ndicho kilikuwa bango la biashara.

Utosi wake niliuona kwa mara ya kwanza usiku mmoja wa mwezi wa Juni, umeme ulipokatika. Mafundi wa mtaani kwetu, wanaogonga mabati ya masanduku na sigiri tangu asubuhi, walikuwa wamenyamaza. Joto lilikuwa kali na Ssenga alikuwa amevua kitambaa. Nilipowasha taa ya simu kutafuta mshumaa, mwanga ulimwangukia. Katikati ya kichwa palikuwa wazi, pamelainika, panang'aa kama sahani iliyosuguliwa. Pembeni zilibaki nywele nyepesi za mvi.

"Zima," alisema.

Asubuhi alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa. Ilianza na mwasho, miaka mingi iliyopita. Kisha nywele za utosini zikawa zinakatika kila anapochana. Akafikiri ni uzee. Akafunga kitambaa. Sasa kilichomsumbua ni kwamba Desemba ilikuwa imepangwa kwanjula ya dada yangu. Siku hiyo Ssenga ndiye angesimama mbele ya wageni, apite katikati ya wanaume waliokuja kuposa, amtoe mchumba mwenyewe mbele ya wazee.

"Nitasimamaje mbele ya watu 300 na kichwa hiki?" aliniuliza. "Nusu ya wanawake watakaokuwepo nimewasuka mimi."

Nikamtajia wigi. Akasema analo, lakini likikaa saa moja utosi unawaka kama umepakwa pilipili. Nikamtajia hospitali. Akasema hospitali ni ya wagonjwa, na nywele si ugonjwa. Kisha akanitazama mikono. "Wewe ndiye utanitibu, mwanangu. Vitu vyote vipo jikoni."

Nilikubali upesi, na sababu yangu ni ya kuchekesha. Kama ilivyo desturi ya shule nyingi za Uganda, mimi nilinyolewa tangu shule ya msingi mpaka nilipomaliza sekondari. Kwangu nywele zilikuwa kitu kinachorudi chenyewe. Ukizinyoa leo, baada ya mwezi mmoja zimerudi kiasi cha sentimita moja. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mahali kichwani ambapo nywele zinaweza kuondoka zisirudi.

Tulianza na kitunguu. Nilikikwangua, nikakikamua kwa kitambaa safi, nikampaka maji yake utosini mara mbili kwa juma, nusu saa kabla ya kuosha. Nyumba nzima ilinuka kama jiko la sherehe. Mteja mmoja aliuliza tunapika nini. Ssenga akajibu, "Tunampika mzee," tukacheka mpaka machozi yakatoka, mengine ya kitunguu.

Mwezi wa pili tukaingia kwenye mafuta. Tulijaribu mafuta ya nyonyo, mazito yanayong'ang'ania vidole, na mafuta ya nazi tuliyochanganya na habasoda. Tulijaribu pia siagi ya moyao, ile inayotoka kaskazini mwa nchi yetu, ambayo Ssenga aliipenda kwa sababu haikumwasha. Kwenye kopo la rangi lililokuwa barazani tulikuwa na mshubiri. Nilikata jani, nikamenya ganda, nikamsugulia ule ute wa ndani. Alifumba macho akasema ni baridi nzuri. Zile jioni sitazisahau. Yeye alikaa chini kati ya magoti yangu, kama mimi nilivyokaa kati ya magoti yake nilipokuwa mtoto, akanisimulia habari za Katwe ya zamani na za wanaume waliotaka kumwoa.

Kila Jumapili nilipima. Siku ya kwanza niligeuza gilasi ya chai nikaiweka utosini pake, mdomo chini, na sehemu iliyo wazi ikaenea ndani ya duara la gilasi. Nikaandika kwenye daftari: gilasi imetosha. Juma lililofuata, gilasi imetosha. Nywele za pembeni zilianza kung'aa na hazikukatika sana kama zamani, kwa hiyo tulifurahi. Lakini mwishoni mwa Agosti niliweka gilasi nikaona ngozi tupu nje ya mdomo wake, upande wa nyuma. Niliigeuza, nikaisogeza. Bado.

"Imetosha?" Ssenga aliuliza.

"Imetosha," nilisema.

Huo ndio uongo wangu, na nimeuandika hapa kwa sababu uliofuata ulikuwa mbaya zaidi. Kwa hofu ya Desemba nilianza kutafuta kitu chenye nguvu. Niliambiwa na jirani kwamba nywele hazioti kwa sababu damu haifiki, na kwamba pilipili huiita damu. Nikaponda pilipili kidogo, nikaichanganya na mafuta, nikampaka. Ssenga hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kigoda kwa mikono miwili, akasema, "Kama inauma basi inafanya kazi." Usiku ule alilala kifudifudi. Kulipokucha, utosi ulikuwa umevimba na umetoa malengelenge madogo.

Nilimpeleka hospitali kwa bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikia kitambaa kisigusane na jeraha. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke kijana. Hakutugombeza. Alimvua Ssenga kitambaa polepole, kwa heshima, akamwita "Nnyabo", akawasha taa yake ndogo. Akanionyesha nami nitazame. Pembeni mwa kichwa ngozi ilikuwa na vitundu vidogo, kila kimoja na unywele wake, au watatu kwa pamoja. Utosini hapakuwa na vitundu. Ngozi ilikuwa imejifunga.

Alitueleza kwamba Ssenga ana mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la umri. Baada ya hedhi kukoma, wanawake wengi nywele zao huwa nyembamba na chache, kwa sababu vishimo vinavyozizalisha husinyaa, lakini huwa bado vipo. La pili ni uvimbe wa ndani unaoanzia utosini na kutambaa kwenda nje, unaowapata hasa wanawake wa asili ya Kiafrika. Uvimbe huo hukiua kishimo na kuacha kovu, na kovu haliotishi nywele. Kurithi kunachangia, na kuvuta nywele, moto na dawa kali vinaweza kuzidisha. Dalili zake za mwanzo ni mwasho, kuungua na nywele kukatika utosini.

"Mwasho ulianza lini, Nnyabo?"

Ssenga alihesabu kwa vidole. "Miaka 12."

Daktari alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba palipokwisha kufunga hapatafunguka, ila ukingoni bado kuna moto unaowaka, na huo unaweza kuzimwa. Akampa dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe, na vidonge vya kumeza. Akaagiza damu ipimwe, kiasi cha madini ya chuma na kazi ya tezi ya shingoni, kwa kuwa upungufu huko pia hupunguza nywele. Akakataza wigi la kubana, rasta na dawa ya kulainisha. Nilimuuliza kuhusu mafuta na mshubiri. Akasema mafuta huzilinda nywele zilizopo zisikatike, na ndiyo maana zile za pembeni zilipendeza, lakini hayawezi kukifufua kishimo kilichokufa. Kuhusu pilipili alinitazama tu.

Sikuridhika, nikaenda kusoma. Niligundua kwamba kitunguu hakikuzushwa na majirani peke yao. Mwaka 2002 watafiti wa Baghdad walichapisha majaribio ya maji ya kitunguu, na wagonjwa wengi walioyatumia waliotewa na nywele. Lakini wagonjwa wale walikuwa na ugonjwa mwingine, ule unaotoa nywele kwa mabaka ya duara bila kovu, ambao mara nyingi hata hupona wenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa Iran walilinganisha mafuta ya rosemari na dawa ya minoksidili kwa miezi 6, na matokeo yakakaribiana. Nao pia walichunguza aina nyingine ya kupungua kwa nywele, kwa wanaume. Dawa zetu za jikoni hazikuwa za uongo zote. Kosa letu lilikuwa kujibu kabla ya kujua swali. Miezi mitatu tuliyoipoteza na kitunguu ilikuwa miezi mitatu ya ule moto wa ukingoni, na duara nililolificha kwenye daftari lilikuwa linanieleza hivyo.

Nilimkiri Ssenga habari ya gilasi. Tulikuwa barazani, mafundi wanagonga, na ilinibidi niseme kwa sauti. Akasikiliza. Akasema, "Wewe umenificha mwezi mmoja. Mimi nimejificha miaka 12." Kisha akaniambia nilete mkasi.

Nilimnyoa mwenyewe, nywele zote, zikabaki fupi kama zangu za sekondari. Nilisita nikamwambia watu watadhani amefiwa. Akasema basi waje na rambirambi, tutawapa chai. Nilipomaliza alijitazama kwenye kioo cha wateja, kushoto, kulia. "Ile methali yako," alisema. "Ndiyo maana nina wewe."

Desemba alivaa gomesi ya rangi ya zambarau na kilemba chepesi. Alipopita katikati ya wageni kumtafuta mchumba wa dada yangu, akijifanya hamwoni, huku vigelegele vikipigwa, kilemba kilisogea nyuma na utosi ukaonekana. Niliona mkono wake ukipanda kidogo, kama ulivyokuwa ukipanda siku zote. Ukasimama hewani. Kisha akautumia kumshika kijana begani na kumtoa mbele.

Mpaka ninapoandika haya duara halijaongezeka tena. Nywele za utosini hazijarudi na hazitarudi. Mshubiri bado upo kwenye kopo lake, na Jumapili nyingine huniomba nimpake, kwa ajili ya ile baridi tu.

Kilichobadilika ni kazi. Mwezi wa Januari alikuja msichana aliyemaliza sekondari, nywele zake ndiyo kwanza zimefika urefu wa kushikika. Alitaka rasta nyembamba, zibanwe sana ili zidumu mpaka Pasaka. Katikati ya kusuka nilimwona akiuma midomo. Mwanamke aliyekuwa akisubiri akamwambia avumilie, na usiku ameze panadol, kama tulivyoambiwa sote. Miaka yote Ssenga naye angesema hivyo hivyo. Siku ile aliacha kusuka, akafumua mistari miwili aliyokwisha kuimaliza, akaanza upya kwa mkono mlegevu.

Rasta legevu hazidumu. Wateja kadhaa wamehamia kwa jirani anayebana, na kodi ya mwezi wa Februari tulilipa kwa kuchelewa. Ssenga hajasema lolote kuhusu hilo. Ila kila mteja akikaa kwenye kigoda, kabla hajagusa chanuo, hutenganisha nywele za utosini kwa vidole viwili, huinama akaangalia, kisha huuliza: "Hapa panauma? Panawasha? Tangu lini?"