Upande wa Pili wa Meza

Watu wa mtaa wetu hawakutumia neno kujitolea kwa jambo walilofanya wao. Kujitolea ilikuwa kazi ya wageni. Ukisimama stendi ya Adams Arcade asubuhi, hapo Ngong Road, uliwaona wakishuka kwenye matatu: vijana wa Kizungu wenye mabegi mgongoni na chupa za maji, wakikatiza soko la Toi kuelekea Kibera. Walipaka madarasa rangi, wakafundisha Kiingereza, wakacheza na watoto, kisha wakaenda zao. Tuliwaita mavolantia, na tuliwapenda, si uongo. Ila haikutupitia akilini hata siku moja kwamba sisi nasi tungeweza kuitwa hivyo.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha mitumba ya watoto pale Toi. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipoliteketeza soko, alipoteza marobota mawili ambayo hata deni lake hakuwa amelimaliza. Nilikuwa na miaka 12. Kwa wiki kadhaa tulipanga foleni ya chakula: unga, maharagwe, mafuta ya kupikia, vyote vimeshafungwa kwenye mfuko mmoja. Huchagui. Siku moja kijana aliyekuwa akigawa mifuko akaomba mama apigwe picha akipokea wake. Mama akatabasamu. Nalijua tabasamu la mama yangu, na lile halikuwa lake. Jioni alisonga ule unga bila kusema neno, na sisi tukala. Tulikuwa na njaa, bana.

Miaka mitatu baadaye mwalimu wetu wa dini akaniletea fomu za mpango wa Kennedy-Lugar, ule unaoitwa YES. Serikali ya Marekani iliuanzisha Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakae mwaka mzima na familia za Kimarekani na kusoma shule zao. Jina lake linatokana na maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar. Nikaandika insha, nikahojiwa, nikahojiwa tena, na Agosti 2011 mimi msichana wa Makina nikajikuta Indiana, jimbo la Lugar mwenyewe, kwenye mji mdogo uliozungukwa na mahindi na soya mpaka macho yachoke. Baridi sitaielezea. Kila aliyetoka huku kwenda kule ameshaielezea.

Sharti mojawapo la mpango lilikuwa ujitolee. Mama mwenyeji wangu akanipeleka kanisani kwao, ambako kila Alhamisi jioni ukumbi uligeuzwa ghala la chakula. Nilipompigia mama kumwambia kwamba nagawa chakula kanisani na hijabu yangu kichwani, swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna nguruwe. Alikuwepo, kwenye mikebe. Wakanipa rafu ya mboga na matunda, na mambo yakaisha hapo.

Nilidhani watakaokuja ni wageni kama mimi. Kumbe walikuwa wenyeji kabisa, Wazungu, wengi wao wakija na magari yao. Baadhi walikuwa wamepoteza kazi viwandani tangu mdororo wa uchumi wa 2008. Mwaka ule ule wa Toi! Wakati sisi tunapanga foleni ya unga, huku nako kuna watu walikuwa wanaanza kupanga yao, na hakuna aliyekuwa amenisimulia. Nikaja kusoma kwamba benki ya chakula ya kwanza ilianzishwa Phoenix, Arizona, mwaka 1967, na mtu aitwaye John van Hengel, aliyeona maduka yakitupa chakula ambacho bado kinalika. Yaani nchi yenye chakula cha kutupa na foleni ya chakula kwa wakati mmoja. Hilo bado linanishangaza kuliko maghorofa ya Chicago.

Lakini kilichonikaa rohoni ni toroli. Pale hapakuwa na mfuko uliokwisha kufungwa. Mtu alipewa toroli, akapita kwenye rafu, akachagua: hiki nataka, hiki hapana, watoto wangu hawali. Na hapakuwa na kamera. Jumaa ya kwanza nilisimama nyuma ya meza yangu nimeinamisha uso, nikiona haya kwa niaba yao. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akisimamia rafu ya mikate akanisogelea akaniambia nisiwaangalie kama watu walioonewa, niwauzie. Niwauzie? Basi hapo nikajua la kufanya, maana kuuza nimelelewa nako. Alhamisi iliyofuata baba mmoja alikuja na mtoto, macho yake sakafuni, nami nikamwambia kwa Kiswahili kama mama pale Toi, "Karibu kastoma!" Akainua uso, hajaelewa kitu, akacheka. Mtoto akachagua machungwa, moja moja, akiyabonyeza kama mtu mzima.

Kila jioni mtu alinitilia sahihi kwenye fomu ya masaa. Nilipomweleza mama, akauliza, "Na wanakulipa?"

"Hapana. Wanaandika tu."

Alicheka sana. Mama huosha maiti za wanawake Makina tangu kabla sijazaliwa, usiku, kwenye mvua, hata siku ambazo kibandani hajauza kitu. Hakuna aliyewahi kumtilia sahihi. Ile fomu yangu baadaye ilinisaidia kupata nafasi chuoni. Sioni haya kuitumia, ila ukiniuliza ni nani kati yetu alijitolea, najua nitamtaja nani.

Nilirudi Juni 2012. Machi 2019 moto ukarudi Toi. Safari hii mimi na wenzangu wachache, pamoja na chama cha kina mama wa soko, tulikusanya maturubai, masufuria, blanketi na unga, tukavipanga juu ya meza ili kila mtu apite achague. Mfadhili mmoja alikuwa ameahidi masufuria mengi zaidi, lakini alitaka picha za wanaopokea. Tulikataa. Yeye naye akakataa. Sufuria zikawa nusu ya zile tulizotarajia, na mama mmoja aliyekosa akaniambia mbele ya watu, "Kwani picha inauma? Sisi tunataka sufuria."

Usiku nilimweleza mama, nikitegemea awe upande wangu.

"Ungemwacha apige," alisema. "Kutabasamu ni bure, mwanangu. Robota ni pesa."

"Na ile ya 2008?"

Akanyamaza kidogo. "Ile ilikuwa yangu. Hukuniuliza mimi, wala hukuwauliza hao."

Bado tunabishana juu ya hilo. Mimi nasema ningekataa tena, lakini sasa ningewauliza kwanza. Yeye anasema watu wenye njaa hawaulizwi maswali marefu. Siku ile ya kugawa naye alipita kwenye foleni kama wengine. Akachukua blanketi, akalifunua lote, akalishika juu kwenye mwanga kutafuta matundu, akalirudisha.

"Hakuna zito kuliko hili?" akaniuliza.