Garimoshi la Nairobi, Jina la Mlima wa Tanzania

Maelfu ya wakazi wa Nairobi hupita karibu na stesheni kuu ya reli kila siku wakikimbilia matatu. Wachache hukumbuka kwamba mwendo mfupi tu kutoka hapo kuna Makavazi ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Waliyoyaanzisha ni Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ambalo liliendesha treni za Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Shirika lenyewe halipo tena.

Watoto wakifika hapo hutaka kwanza kuliona behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, aliuawa na simba katika stesheni ya Kima mwaka wa 1900. Alikuwa amekaa humo akimvizia simba huyo, usingizi ukamchukua, naye mnyama akaingia.

Lakini msomaji, usiondoke kabla ya kulitazama garimoshi nambari 5918. Dubwana hili la mvuke lina uzito wa tani 250 hivi. Magarimoshi ya aina yake yalikuwa 34, yakaundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950 ili kuvuta mizigo mizito kutoka Mombasa, ufuoni mwa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Yana seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma ya tangi la mvuke, ndiposa yakaweza kupinda kwenye kona licha ya urefu wake.

Kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki: Kenya, Meru, Ruwenzori, Elgon. Hili la 5918 linaitwa Gelai, mlima ulioko Tanzania.

Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika likagawanywa, na kila nchi ikabaki na reli yake. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka wa 1999, lakini shirika lile moja la reli halikurudi.

Mwanafunzi anayekariri habari za Jumuiya kwa ajili ya mtihani anaweza kuzigusa hapa kwa mkono. Akitoka, aitazame njia ya reli ya zamani inayoelekea magharibi kupitia Kibera, Dagoretti na Kikuyu. Ndiyo iliyotuunganisha na Uganda. Kuvunja ushirika ni kazi ya siku moja. Kuujenga upya huchukua umri wa mtu.