Kamera ya Chama: Tulibishana, Tukachagua Mwanga

Picha nyingi za chama chetu tunazipiga ndani. Desemba hapa London jua huzama karibu saa kumi jioni, na taa za kumbi tunazopewa ni hafifu. Ikiwa ni Idi au kumuaga mwenzetu aliyehitimu, picha zinajaa chengachenga, na walio weusi zaidi miongoni mwetu wanamezwa na ukuta. Na hizo ndizo picha ambazo wazazi wetu nyumbani wanazisubiri.

Basi tulipochanga fedha za kamera ndogo, mjadala ukawa mkali. Wapo waliotaka megapikseli nyingi. Wengine wakauliza: sensa yake ina ukubwa gani?

Sensa hii haihesabu watu, inapokea mwanga. Mvua ikinyesha, beseni hukinga maji mengi kuliko kikombe. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina sensa ya milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. Ile inayoitwa ya inchi moja ina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni kama mara nne. (Jina hilo lisikudanganye. Limerithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani. Ulalo wa sensa yenyewe ni milimita 16 tu hivi.)

Ukibana pikseli milioni 20 kwenye sensa ndogo, kila moja inapata mwanga kidogo. Gizani kamera hulazimika kuukuza mwanga huo hafifu, na chengachenga nazo zinakuzwa pamoja nao. Watengenezaji wanalijua hilo. Canon PowerShot G10 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 14.7; G11 iliyoifuata mwaka 2009 ikashushwa hadi 10, na ukubwa wa sensa ukabaki ule ule.

Wenzetu wa timu ya mpira walikuwa na hoja yao pia. Sensa ndogo huruhusu lenzi fupi inayovuta mbali, hata mfungaji aliye upande wa pili wa uwanja aonekane. Na juani picha zake hazina ubaya. Sensa ikikua, lenzi ya kuvuta hivyo haitoshi tena mfukoni.

Tulipiga kura. Tukanunua kamera iliyokwisha kutumika, yenye sensa ya inchi moja, inayovuta karibu tu. Wachezaji watalazimika kusogea, lakini Idi iliyopita kila aliyekuwa ukumbini anatambulika usoni, hata waliokaa nyuma kabisa.

Kamera iko kwa mhazini. Ukiiazima, wasogeze watu karibu na taa, na uirudishe betri ikiwa imejaa.