Mstari wa Sehemu Ndio Ulionifungulia Aljebra

Nilirudi kusoma nikiwa tayari mama wa watoto watatu. Najiandaa kwa Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT, unaotupa njia sisi tulioishia darasa la saba. Mimi ni fundi cherehani. Robo ya mita naijua kwa mkono, wala hesabu za sehemu hazikuwahi kunitisha. Kilichonitisha ni herufi kukaa juu ya sehemu. Nikiona x + 3 juu ya 2, toa x − 1 juu ya 3, mwili wote ulikuwa unaisha nguvu.

Mwalimu wetu wa jioni ni kijana wa umri wa mwanangu. Alisimama mezani pangu akasema, "Mama, kabla hujafanya lolote, tia mabano kila kilicho juu ya mstari. Mstari wenyewe umeshavifunga pamoja." Nikaandika:

(x + 3)/2 − (x − 1)/3

Akaniuliza nusu na theluthi zinakutana wapi. Kwenye sudusi, nikamjibu, maana KDS ya 2 na 3 ni 6. Basi mabano ya kwanza yakazidishwa kwa 3, ya pili kwa 2, asili ikawa 6:

[3(x + 3) − 2(x − 1)]/6

Hapo hakuniharakisha. Ile alama ya kutoa, alisema, haiishii kwa x. Inaingia ndani ya mabano na kugusa kila kilichomo. Hasi 2 mara x ni −2x. Hasi 2 mara hasi 1 ni chanya 2. Juu nikapata 3x + 9 − 2x + 2, yaani x + 11.

"Usiniamini mimi," akasema. "Weka 7 mahali pa x." Kwenye swali: nusu ya 10 toa theluthi ya 6, ni 3. Kwenye jibu: 18 gawanya kwa 6, ni 3. Nikaweka 1, nikaweka 13, yakaafikiana yote.

Tangu jioni ile simsubiri mtu aniwekee vema. Majuzi jirani yangu darasani alikata 6 ya juu na 6 ya chini kwenye (x + 6)/6, akabaki na x. Nikamwambia aweke 6 mahali pa x: 12 gawanya kwa 6 ni 2, na yeye anasema ni 6. Akaichukua kalamu mwenyewe, akaanza upya.