Siku moja Nandi Hills: Pumziko la mzazi anayeuguza India

Mkenya akisikia Nandi Hills huwaza mashamba ya chai na wakimbiaji wa mbio ndefu. Kusini mwa India, katika Jimbo la Karnataka, kuna Nandi Hills nyingine. Hii imepewa jina la Nandi, fahali ambaye katika imani ya Kihindu ni kipando cha mungu Shiva. Iko umbali wa kilomita 60 hivi kutoka jiji la Bengaluru, na kilele chake kina mita 1,478 kutoka usawa wa bahari, kimo kisichotofautiana sana na cha mji wa Lushoto.

Baadhi ya familia za Afrika Mashariki zimeufahamu mlima huu bila kupanga. Ingawa upasuaji mwingi wa moyo wa watoto sasa hufanyika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, bado wapo wazazi wanaovuka bahari na watoto wao. Operesheni yenyewe huchukua saa chache. Kinachochukua muda ni kusubiri: kidonda kipone, vipimo virudiwe, daktari aruhusu mtoto kupanda ndege.

Ndivyo alivyokuwa akiishi mama mmoja wa Tanga na binti yake wa miaka tisa, katika chumba kimoja cha nyumba ya wageni jirani na hospitali. Walipika ugali kwa sembe waliyokuja nayo kwenye begi. Wiki ya sita ilipofika, kidonda kilikuwa kimepona vizuri, lakini mtoto alikuwa mkimya na chakula kilikuwa hakimpiti. Mama naye alikuwa halali. Kila baada ya muda aliamka kusikiliza kama mtoto anapumua.

Siku ya kliniki, daktari alimuuliza mtoto ameona nini tangu afike India. Mtoto akajibu, "Dari." Daktari akamwambia mama amtoe nje.

Mama alikuwa na hofu mbili, pesa na barabara ya mlimani. Ya pesa iliisha pale familia tatu za nyumba ile, akiwemo baba mmoja wa Mombasa na mwanawe, zilipochangia gari la kukodi. Ya barabara aliipeleka kwa daktari kama maswali, na majibu akayaandika kwenye daftari. Mtoto akae kiti cha nyuma na kufunga mkanda, mto mdogo ukiwa kati ya mkanda na kifua. Asibebe kitu kizito. Asiinuliwe kwa kushikwa makwapani. Ngazi ndefu aziache. Dawa zake, karatasi za matibabu na namba ya simu ya hospitali viende naye.

Waliondoka Jumatano alfajiri, kwa kuwa wikiendi barabara hujaa wanaowahi kuona jua likichomoza. Nje ya jiji walipita mashamba ya mizabibu, kisha zikaanza kona kali. Mtoto wa Mombasa alitapika kwenye mfuko alioandaliwa. Iko njia ya kale ya kupanda kwa miguu, yenye ngazi zaidi ya 1,000, lakini gari hupanda kwa barabara hadi juu, na hiyo ndiyo iliyowafaa.

Kileleni kulikuwa na ukungu na baridi. Masweta yalivaliwa, na juu yake khanga. Ukungu ulipoondoka zikaonekana kuta za ngome iliyoimarishwa na Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, kabla ya Waingereza kuiteka mwaka 1791. Upande mmoja kuna jabali lenye mteremko wa mita 600 hivi, ambako inasimuliwa kuwa wafungwa walisukumwa wafe. Hapo watoto walishikwa mikono.

Nyani wadogo wa huko hawana haya. Mmoja alipora biskuti mkononi mwa mtu na kukaa ukutani kuzila. Mzazi asiwalishe, wala asimwache mtoto na chakula mkononi. Mtoto aking'atwa au kuparuzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo.

Karibu na bustani ipo nyumba ya kale ya Mwingereza Mark Cubbon. Dereva alieleza kuwa Mahatma Gandhi aliletwa mlimani hapa mwaka 1927, baada ya presha kumlemea na madaktari kumwamuru apumzike. Baba wa Mombasa akamgeukia mama.

"Dada, na wewe presha yako umepima lini?"

Mama alinyamaza. Kisha akasema vidonge vyake mwenyewe viliisha wiki ya tatu. Hakununua vingine, maana kila senti ilikuwa ya mtoto.

"Ukianguka wewe, huyu atarudi Tanga na nani?" akauliza yule baba. Mama hakujibu.

Wakiteremka walisimama kwenye hekalu la Bhoga Nandeeshwara, chini ya mlima, lenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Viatu huachwa nje, na sakafu ni ya mawe. Mtoto alitembea taratibu kati ya nguzo hadi kwenye sanamu ya fahali aliyelala.

"Mama, huyu ndiye mwenye mlima?"

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kuuliza jambo lisilohusu sindano.

Kando ya barabara ya kurudi, wauzaji walipanga madafu kama ilivyo Tanga. Kwa kuwa vinywaji vya mtoto vilikuwa bado vinapimwa, alipewa nusu dafu, na nusu hiyo ikaandikwa kwenye daftari. Alikunywa yote, kisha akaomba akombewe nyama yake.

Asubuhi iliyofuata mama alipimwa presha. Ilikuwa juu, na akaanzishiwa dawa tena.

Mzazi anayejiandaa kwa safari kama hii abebe dawa zake za muda wote wa safari na za ziada, pamoja na cheti cha daktari wake, na aziweke kwenye begi la mkononi. Katika mchango wa matibabu ya mtoto atenge fungu la afya yake mwenyewe. Na siku mtoto akiruhusiwa kutoka, amuulize daktari anaweza kwenda wapi.