Mama wa Kigonze na daftari la ushahidi

Bunia – Mama mmoja mzaliwa wa Bogoro, anayeishi sasa katika kambi ya wahami ya Kigonze hapa mjini, ameombwa mara mbili atoe ushahidi wa yale aliyoyaona Djugu mwaka 2018. Mara zote mbili amewaambia vijana wenye daftari warudi wiki ijayo.

Ya kusema anayo mengi. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 alikuwa msichana Bogoro, pale kwenye barabara ya Kasenyi, kilomita 25 hivi kutoka Bunia. Wengine walikimbilia kwenye madarasa ya Institut, palipokuwa kambi ya askari wa UPC. Yeye alilala kwenye majani marefu mpaka jua likazama. Baba yake na wadogo zake wawili hawakutoka. Baadaye aliolewa Djugu, akajenga, akazaa. Mwaka 2018 kijiji cha mume wake nacho kikachomwa, akaja Bunia na watoto wanne, bidoni moja na nguo za mwilini. Mume alibaki huko, na hajazikwa na mtu anayemjua.

Kwa hiyo mama huyu haki ya kimataifa anaijua. Amekaa ndani yake miaka 20 na zaidi, redio sikioni.

Serikali ya Kongo ndiyo iliyopeleka mambo yake La Haye mwaka 2004, na uchunguzi ukafunguliwa Juni mwaka ule. Wakati huo mashirika yalikuwa yanakadiria kwamba vita vya Ituri tangu 1999 vimeua watu zaidi ya 50,000. Waliofikishwa mbele ya majaji wa CPI kwa ajili ya Ituri ni wanne tu: Thomas Lubanga, Germain Katanga, Mathieu Ngudjolo na Bosco Ntaganda. Wanne! Wanaojua jinsi mahakama ile inavyofanya kazi wanasema hiyo si haba, kwa kuwa haina polisi hata mmoja. Hati ya kumkamata Ntaganda ilitolewa mwaka 2006, lakini kwa miaka kadhaa mtu huyo alikaa Goma akiwa na cheo cha jenerali katika jeshi la taifa. Machi 2013 alijipeleka mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali. Hakuna aliyemkamata.

Kesi ya Bogoro iliwaweka watu wawili kizimbani pamoja, kisha ikagawanywa. Ngudjolo aliachiliwa Desemba 2012. Majaji walieleza kwamba kumkuta mtu bila hatia si lazima iwe na maana kwamba hakufanya kitu. Maana yake ni kwamba ushahidi uliowekwa mezani haukutosha kuondoa shaka. Maneno hayo wanasheria wanayaelewa vizuri. Bogoro siku ile watu waliuliza jambo moja: basi waliotuua ni nani? Katanga alipatikana na hatia Machi 2014, kama mtu aliyesaidia, akapewa miaka 12.

Hapo ndipo mama anapoanza kuhesabu kwa vidole. Kaka yake mkubwa aliyebaki Bogoro alijaza fomu ya wahanga. Mwaka 2017 majaji waliamua kwamba wahanga 297 kati ya 341 walioomba wamethibitishwa, na kila mmoja apewe dola 250 za ishara, mbali na msaada wa pamoja. Kaka alilipa masomo ya mtoto na kununua mbuzi. Dada mtu wakati fomu zinajazwa alikuwa Djugu kwa mume; habari ilimfikia mlango umeshafungwa. Baba yao ni mmoja, kifo ni kimoja, lakini jina lake haliko.

Jambo hili linaumiza vijiji vingi, na linahitaji kuelezwa taratibu. CPI huhukumu makosa yaliyoandikwa kwenye mashtaka tu. Lubanga alishtakiwa kwa kuingiza jeshini watoto walio chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Wahanga wa kesi yake kwa hiyo ni watoto hao wa UPC na familia zao. Mwanakijiji aliyechomewa nyumba na askari wa UPC hakuwa mhanga katika kesi ile. Msichana aliyebakwa kambini, vilevile, kwa sababu ubakaji haukuandikwa kwenye mashtaka. Wa Kobu na Mongbwalu walisubiri mpaka kesi ya Ntaganda, aliyehukumiwa Julai 2019 kwa makosa 18 na kupewa miaka 30. Katika jimbo ambamo jamii zinapimana kwa kila gunia la unga, kuambiwa “wale wamelipwa, ninyi bado” ni kuni juu ya moto.

Lakini kinachomzuia mama kuongea si dola 250.

“Niko na swali moja tu,” alimwambia kijana wa shirika la kiraia mara ya pili, huku akichambua sombe mbele ya kibanda chake cha bashi. “Nikisema jina la ule mtu, na yeye yuko anapita hapa sokoni, mimi nitalala wapi?”

Kijana alifunga daftari. “Mama yangu, kukudanganya siwezi. Jina lako hatuliandiki pamoja na maneno yako. Lakini kesi yenyewe siwezi kukuahidi.”

Swali la mama lina historia. Shahidi wa kwanza katika kesi ya Lubanga, Januari 2009, alikuwa kijana aliyekuwa askari mtoto. Alipomwona mshtakiwa mbele yake, alikana maneno yake siku ileile. Alirudi wiki mbili baadaye kuanza upya. Mara mbili kesi hiyo ilisimamishwa na majaji, mara moja kwa ajili ya hati ambazo utetezi haukuonyeshwa, mara nyingine kwa ajili ya watu wa kati waliokuwa wakitafuta mashahidi huku Ituri. Mwaka 2015 majaji walipendekeza kesi ya Ntaganda ifunguliwe hapa Bunia, watu waone kwa macho. Wakuu wa mahakama wakakataa, kwa sababu ya usalama pia. Huko La Haye wenye walinzi waliogopa Bunia, na mama wa Kigonze anaambiwa asiogope.

Na Lubanga alimaliza miaka yake 14 Machi 2020. Mwaka 2025 redio zilitangaza tena jina lake, akiwa mkuu wa kundi jipya la silaha, CRP. Mtoto wa mama, mwenye miaka 16, alisikia habari ile akauliza kama huyo ndiye aliyefungwa kwa ajili ya kuchukua watoto. Mama alimtuma maji. Usiku ule alikaa macho, maana kuna vijana wanaokuja jioni kuongea na watoto wa umri ule nyuma ya vyoo.

Kuhusu mauaji mapya, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 701 waliouawa Ituri kati ya Desemba 2017 na Septemba 2019, ukasema baadhi ya matendo yanaweza kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. CPI bado ina uwezo wa kuyashughulikia, ikiwa serikali haiwezi au haitaki. Lakini Oktoba 2024 mwendesha mashtaka alipotangaza kufufua uchunguzi Kongo, macho aliyaelekeza Kivu Kaskazini. Hapa kwetu imebaki mahakama ya jeshi, yenye kesi nyingi kuliko majaji.

Juma lililopita vijana walirudi mara ya tatu. Mama aliwapa kiti, akamtuma mtoto dukani kununua sabuni ambayo hawakuihitaji. Kisha akaanza na jina la mume wake, akalitaja herufi kwa herufi, wasije wakalikosea.